Namba iliyo kwenye beji ya mionzi

Ukipita idara ya eksirei katika hospitali kubwa utamkuta mhudumu amebandika kifuani beji ndogo ya plastiki. Wagonjwa hudhani ni kitambulisho. Wapo watumishi wapya wanaoamini inawakinga, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi sisi tunaozisoma beji hizo. Beji haizuii mionzi hata kidogo. Inachofanya ni kutunza kumbukumbu ya mionzi ayonisha (yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, kama eksirei) iliyompata aliyeivaa.

Ndani ya aina moja inayotumika sana kuna fuwele za lithiamu floraidi. Mionzi ikizipiga, hubakiza humo sehemu ya nishati yake. Beji zikirudi maabara, kwa kawaida baada ya miezi mitatu, fundi sanifu huzipasha moto fuwele hizo hadi zaidi ya nyuzi joto 200 za Selsiasi. Zinatoa mwanga hafifu, mashine inaupima, na kutokana na mwanga huo tunapata dozi, yaani kiasi cha mionzi alichopata mtu. Joto hilohilo hufuta kumbukumbu. Usomaji ni wa mara moja, kwa hiyo fundi anayeharakisha anaweza kupoteza historia ya miezi mitatu ya mtu kwa sekunde chache.

Kiwango cha kimataifa ni kwamba mfanyakazi asizidishe wastani wa milisiveti (kizio cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, ukipigwa kwa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Mwananchi wa kawaida kiwango chake ni 1, mbali na matibabu na mionzi ya asili, ambayo duniani ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Watumishi wengi wa eksirei wako chini kabisa ya mpaka wao, na wanastahili kuambiwa hivyo kwa namba zao wenyewe. Matokeo ya beji si siri ya mwajiri. Yaulize, na ukihama kazi ondoka na rekodi yako. Mjamzito atoe taarifa mapema, kwa sababu mtoto aliye tumboni huhesabiwa kama mwananchi: kikomo ni milisiveti 1 kwa muda wote wa ujauzito uliobaki.

Beji moja ikitoka na namba kubwa, tunamfuata mwenye nayo tukaulize. Mara nyingi inabainika ilisahaulika ndani ya chumba cha eksirei, imening'inia ukutani kwenye aproni ya risasi, vazi zito la kukinga mionzi, ikapigwa mionzi ambayo mwenyewe hakuipata. Lakini hatuanzi na dhana hiyo. Tunaangalia zamu, mashine, mlango, na mahali alipokuwa anasimama. Kwangu namba ngumu zaidi ni sifuri ya mtu anayemsaidia daktari kila siku kwenye upasuaji unaoongozwa na eksirei. Beji hiyo huenda ililala kwenye droo, na sasa hakuna ajuaye mtu huyo amepata kiasi gani.

Kipimo cha mionzi cha mkononi nacho kina masharti yake. Kabla ya kukaribia chanzo cha mionzi, fundi anakagua betri, anaangalia kama cheti cha urekebishaji, kinachothibitisha kwamba kipimo kinasoma sawasawa, bado hakijaisha muda, anakijaribu kwa chanzo kidogo cha majaribio, kisha anakiwasha akiwa mbali. Hiyo ya kukiwasha mbali ina sababu. Baadhi ya vipimo hivyo, vile viitwavyo vya Geiger, huzidiwa penye mionzi mikali mno na kuonyesha namba ndogo, hata sifuri. Anayekiwasha akiwa tayari amefika anaweza kudhani pako salama.

Mjini Goiânia, Brazil, tarehe 13 Septemba 1987, watu wawili walibomoa mashine ya tiba ya saratani iliyotelekezwa kliniki na kuuza vipande kama vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sizimu-137, elementi inayotoa mionzi, uliong'aa bluu gizani; watu wakagawiana kwa ndugu na marafiki. Wiki mbili baadaye mwanafizikia mmoja wa hospitali, aliyekuwa mjini humo kwa matembezi, akaombwa msaada. Aliazima kipimo, akakiwasha akiwa bado mbali, na mshale ukagota mwisho kila alikokielekeza. Akadhani ni kibovu. Hakuishia hapo: alirudi kuchukua kingine, nacho kikasema vilevile. Alifika kwenye ofisi ya afya wakati zimamoto wanakusudia kukichukua chanzo wakakitupe mtoni, akawazuia. Watu wapatao 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafuzi, na wanne wakafariki, mmoja wao mtoto wa miaka sita.

Biashara ya vyuma chakavu kwetu ni kubwa, na vyanzo vya mionzi haviko hospitalini tu. Vimo kwenye vifaa vya kupima ushindiliaji wa barabara, migodini, na kwa wakaguzi wa viungio vya mabomba wanaotumia iridiamu-192. Ukinunua mzigo ukakuta chombo kidogo lakini kizito kupita kiasi, chenye alama ya mapanga matatu inayoonya kuhusu mionzi, usikikate wala kukigonga, na usikipakie uende kumwonyesha mtu. Waondoe watu, zuia njia, waliokigusa wanawe mikono na wasitawanyike kabla ya kupimwa. Kisha toa taarifa polisi au, kwa Tanzania, katika ofisi ya Tume ya Nguvu za Atomu iliyo karibu. Kenya mhusika ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia.