Makedonia Kaskazini si sanamu ya Aleksanda tu

Taja Makedonia Kaskazini, nchi ya kusini-mashariki mwa Ulaya, mbele ya watu, na wengi watakujibu kwa jina moja: Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia ya kale. Tangu 2011 hata katikati ya Skopje, mji mkuu, imesimama sanamu kubwa ya mpanda farasi inayoikuza imani hiyo. Ni kweli kwamba Filipo wa Pili, baba yake Aleksanda, ndiye aliyeanzisha mji wa Heraclea karibu na Bitola. Lakini Pella na Vergina, miji ya wafalme wale, imo ndani ya Ugiriki ya leo. Wamakedonia wa sasa wanasema lugha ya Kislavi, na Waslavi waliingia Balkani karne ya 6 na ya 7, mamia ya miaka baada ya Aleksanda kufa. Mvutano na Ugiriki juu ya nchi hii kutumia jina la Makedonia ulimalizwa kwa mkataba wa 2018. Kwa maoni yangu, hasara yake kubwa ni kwamba ulivuta macho yote kwa Aleksanda, kazi bora za nchi hii zikakosa watazamaji.

Chukua dhana nyingine, iliyoenea hata kwa wapenzi wa sanaa: kwamba mchoraji wa kwanza kumpa mtakatifu uso wa mtu anayelia kweli alikuwa Giotto wa Italia, huko Padua, yapata 1305. Panda mlima Vodno, juu ya Skopje, hadi kijiji cha Gorno Nerezi. Kanisa dogo la Mtakatifu Panteleimon lilijengwa 1164 kwa amri ya Alexios, mtu wa ukoo wa kifalme wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki. Ukutani, Maria amempakata mwanawe aliyekufa, shavu kwa shavu, nyusi zimejikunja kwa uchungu. Yohana ameinama, ameushika mkono wa marehemu. Aliyewahi kukaa msibani atawatambua watu hawa. Picha hiyo ina umri wa miaka takriban 140 zaidi kuliko ya Giotto, ila kwa muda mrefu ilifunikwa na rangi za baadaye, hata ikafichuliwa miaka ya 1920. Mafundi wake hawakuacha majina. Ustadi wao ni wa Bizanti, na yaelekea walitoka Constantinople, mji mkuu wa dola hiyo, kwa hiyo kuwaita Wamakedonia ni kutia chumvi. Lakini kuiandika historia ya uchoraji wa Ulaya bila Nerezi ni kosa kubwa zaidi.

Wapo pia wanaodhani urithi wa nchi hii ni wa makanisa peke yake. Soko la kale la Skopje lina msikiti wa Mustafa Pasha, uliojengwa 1492, na mahamamu ya Waothmani ambayo leo ni kumbi za maonyesho ya sanaa. Katika mji wa Tetovo upo Msikiti wa Rangi, uliopata sura yake ya sasa mwaka 1833: kuta zake zimepakwa maua na mapambo ya kijiometri ndani na nje, jambo adimu kwa msikiti.

Dhana nyingine inahusu alfabeti ya Kisirili, ambayo Kimakedonia huandikwa kwayo: haikutungwa na Mtakatifu Sirili, mmisionari wa Waslavi. Yeye alitunga Glagoliti, alfabeti ya Kislavi ya kabla yake. Kisirili kilizaliwa baada yake, na wataalamu wengi wanakitaja kituo cha Preslav, Bulgaria. Heshima ya Ohrid, mji wa Makedonia Kaskazini, ni shule ya Klementi, mwanafunzi wa Sirili na nduguye Methodi, aliyefundisha huko hadi kufa kwake mwaka 916.

Tena si kweli kwamba sanaa ya huko iliishia zama za kale. Tarehe 26 Julai 1963 tetemeko la ardhi liliibomoa Skopje na kuua zaidi ya watu 1,000. Wasanii wa nchi nyingi walituma kazi zao, Picasso miongoni mwao, na Poland ikatoa usanifu wa jengo la kuzihifadhi. Jumba hilo la Sanaa ya Kisasa lilifunguliwa 1970, juu ya kilima karibu na ngome ya mji, na mchoro wa Picasso wa kichwa cha mwanamke bado ni mali yake.