Mtama wa Nyumbani Uliobeba Mkonge wa Tanga

Kila mwaka ninapofundisha historia ya uchumi hapa Dodoma, hutokea mwanafunzi akasema kwamba babu yake "alikwenda manamba", yaani kufanya kazi ya mkataba katika mashamba ya mkonge. Ni wachache, hata hivyo, wanaoweza kueleza kwa nini kumbukumbu ya mkonge wa Tanga imetunzwa katika nyumba za Ugogo, Unyaturu na Unyamwezi, mbali kabisa na mashamba yenyewe.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, na miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini. Zao hili lilistawi, lakini wakazi wa pwani na wa milima ya Usambara walikuwa na mashamba yao wenyewe, wala hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakakate majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 ilikuwa na kazi mbili: kujaza hazina ya serikali, na kumsukuma mwanamume aliye mbali na soko akaitafute fedha kwa mwajiri.

Msukumo huo haukuwagusa watu wote kwa namna moja. Wanyamwezi walikuwa wamezoea safari za pwani tangu enzi za upagazi, hivyo kwenda mashambani kulikuwa kama kuifuata njia ya zamani. Mgogo alikuwa na ng'ombe, na kwa miaka mingi alilipa kodi kwa kuuza mnyama badala ya kuuza nguvu zake. Wasimamizi wa kikoloni waliuita uchaguzi huo uvivu, na inanisikitisha kwamba maelezo hayo bado yanarudiwa. Mwenye zizi alipiga hesabu sahihi. Zizi lilipotoweka ndipo hesabu ilipobadilika: baada ya vita vya kwanza vya dunia, vilivyochukua wapagazi, mifugo na nafaka, Ugogo ulikumbwa na njaa iitwayo Mtunya, iliyoua maelfu ya watu.

Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri iliyokusanya watu kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha. Jina manamba lilitokana na namba aliyopewa kila mwajiriwa. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30, na siku ambayo mtu aliugua au hakumaliza sehemu aliyopimiwa haikuandikwa. Kwa hiyo "mwezi" wa kipande ungeweza kuvuka sana mwezi wa kalenda, na mshahara ukasubiri.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mshahara na posho vilikadiriwa kana kwamba manamba hana mke, mtoto wala mzazi. Basi familia ilikula nini? Ilikula mtama na uwele uliolimwa na mke aliyebaki nyumbani, ambaye sasa alifyeka, akapalilia, akaamia ndege na kuvuna bila mikono ya mumewe. Mke huyo ndiye aliyemlea kijana hadi akafikia umri wa kuajiriwa, na ndiye aliyempokea mzee aliyerudi na kifua kibovu. Shamba la mkonge halikulipia lolote kati ya hayo. Vitabu vya hesabu vya mashamba vinaonyesha gharama za korona (mashine za kutoa nyuzi kwenye majani), reli na magunia, lakini jembe la mwanamke wa Ugogo halimo, ingawa faida ilisimama juu yake.

Mwaka 1947 kilimo kikubwa kililetwa Ugogo kwenyewe, huko Kongwa, kwa mpango wa karanga uliotegemea matrekta. Udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikufuata ratiba ya ofisini, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Mgogo asiyepata mvua upande mmoja alipanda tena au alihamisha shamba na mifugo. Mpango wa Kongwa haukuwa na nafasi hiyo.

Uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele chake mwaka 1964, takriban tani 230,000, kisha nyuzi za viwandani zikaivunja bei yake. Baadhi ya manamba walikuwa wamekwisha kuzeeka kambini Korogwe na Muheza, na wajukuu wao wako huko hadi leo, wengine wakiwa na majina ya Kinyamwezi na Kinyaturu ambayo hawajawahi kuyasikia yakiitwa katika vijiji yalikotoka.