Kabla hujafungua akaunti ya biashara, hesabu miamala yako

Mimi ni mhasibu wa biashara ndogo, na swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaoanza ni "Benki gani nzuri?" Silijibu mpaka nami niulize la kwangu: kwa mwezi mmoja, pesa zitaingia mara ngapi na zitatoka mara ngapi? Ukinipa namba hizo mbili, nusu ya kazi imekwisha.

Hivi karibuni alinijia mshonaji ambaye biashara yake ilikuwa na miezi minne. Mkononi ana vipeperushi vya benki mbili. Ya kwanza inatoza ada ya kila mwezi na miamala haikatwi kitu. Ya pili haina ada ya mwezi, lakini kila muamala una makato yake. Alikwishaipenda ya pili kwa sababu ya neno "bure" lililoandikwa kwa herufi kubwa. Tulichukua ada ya mwezi ya benki ya kwanza, tukaigawanya kwa makato ya muamala mmoja ya benki ya pili. Jibu likawa 40. Yaani akifanya miamala chini ya 40 kwa mwezi, benki ya pili ni nafuu; akizidisha, nafuu ni ya kwanza. Tukafungua daftari lake, tukahesabu mwezi mmoja mstari kwa mstari: malipo ya wateja 71, ununuzi wa vitambaa na uzi 16, mishahara na kodi ya chumba 4. Jumla 91. Akaunti ya bure ingemla zaidi ya mara mbili ya ile yenye ada.

Fanya mgawanyo huo na wewe, kisha soma jedwali zima la ada. Kama wateja wako hulipa taslimu, tafuta kwanza mstari wa kuweka fedha taslimu, kwa kuwa benki nyingi hukata asilimia ya kiasi unachoweka. Angalia pia salio la chini linalotakiwa. Kuna akaunti ambazo salio likishuka siku moja tu, unatozwa ada ya mwezi mzima. Na ukiahidiwa miezi ya mwanzo bila ada, piga hesabu kwa ada itakayofuata baada ya hapo, maana hiyo ndiyo utakayoishi nayo.

Wengi huniuliza kama hawawezi kuendelea na akaunti yao binafsi. Masharti ya akaunti nyingi binafsi yanakataza matumizi ya biashara, na benki inaweza kuifunga. Ukiwa na kampuni iliyosajiliwa, jambo ni zito zaidi. Tangu mwaka 1896, katika kesi ya Salomon nchini Uingereza, mahakama ilikazia kwamba kampuni ni mtu wa kisheria aliye mbali na mwenye kampuni, na nchi nyingi zinafuata msingi huohuo. Pesa za kampuni si zako mpaka ujilipe mshahara au gawio la faida, na hilo lionekane kwenye vitabu. Nimekesha siku nyingi nikichambua karo za watoto kutoka katikati ya ankara za wauzaji, na mwenye biashara mwenyewe hakumbuki tena ipi ni ipi.

Kitu ambacho watu hawakiulizi, nami nakipa uzito mkubwa, ni taarifa ya akaunti. Omba uonyeshwe mfano wake kabla hujasaini chochote. Je, jina la aliyelipa linaonekana, pamoja na namba ya ankara aliyoiandika? Je, unaweza kuipakua kama faili la jedwali, au unapewa kurasa za kusoma tu? Bila hayo, kila mwisho wa mwezi utakuwa unabahatisha nani kalipa na nani bado anadaiwa.

Mkiwa wawili au zaidi, amueni watia saini mkiwa bado mnaelewana. Niliwahi kuwahudumia wabia wawili ambao kila mmoja aliweza kutoa pesa peke yake. Walipogombana, mmoja aliiandikia benki, na benki ikaizuia akaunti mpaka wapatane. Wafanyakazi hawakuwa na kosa lolote, lakini mishahara yao ilikwama humo kwa wiki kadhaa. Kwa malipo makubwa, wekeni saini mbili.

Ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa pesa kuzidi salio lako, isikuvute sana mwanzoni. Riba hutozwa kwa kiasi ulichotumia, ni kweli, lakini kwa kawaida benki ina haki ya kuidai yote wakati wowote.

Uliza pia kiwango cha bima ya amana, yaani kiasi cha pesa zako kinacholindwa benki ikifungwa. Silicon Valley Bank ya Marekani ilipofungwa tarehe 10 Machi 2023, bima ilikuwa na kikomo cha dola 250,000 kwa mteja, na kampuni nyingi zilikuwa zimeweka zaidi ya hapo. Serikali ilitangaza baada ya siku mbili kwamba wenye amana wote watalipwa, lakini siku hizo mbili kuna waliokuwa hawajui mishahara itatoka wapi. Pesa zako zikikaribia kikomo cha nchi yako, fungua akaunti nyingine katika benki tofauti.

Yule mshonaji alirudi benki ya kwanza kuomba mfano wa taarifa. Majina ya waliolipa yalikuwemo. Akafungua akaunti mbili hapohapo: moja ya shughuli za kila siku, nyingine ya kuhamishia sehemu ya kodi ya mapato kila mteja anapolipa.