Mapenzi ya Mtumishi wa Umma: Mwajiri Aingilie Lini?

Katika semina za maadili swali hili halikosi: afisa akionekana anatoka gesti na mtu asiye mwenzi wake, mwajiri amchukulie hatua? Kabla ya kujibu, mimi nauliza: huyo aliyekuwa naye ana jambo lolote linalosubiri sahihi ya afisa huyo?

Kama hana, na wote ni watu wazima waliokubaliana, mwajiri akae kando. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na hata unyumba wake, kwa neno hilohilo. Kuajiriwa serikalini hakumvui mtu haki hiyo.

Kama analo, hapo si faragha tena. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mhadhiri anayeshikilia matokeo ya mwanafunzi mpaka "waonane" ni mla rushwa. Utetezi wa "mbona alikubali mwenyewe" nausikia mno, na unaniumiza. Kukubali gani huko, wakati akikataa anarudia mwaka?

Pagumu zaidi ni kwa bosi na aliye chini yake waliopendana kwa hiari. Jinai hakuna. Lakini bosi ndiye anayejaza tathmini ya mwenzake na kupanga nani asafiri kwa posho, na wengine ofisini wanaona. Kwa maoni yangu, bosi aeleze uhusiano huo kwa mkuu wake mapema, maamuzi yanayomhusu mpenzi wake yafanywe na mtu mwingine. Akificha, aadhibiwe kwa kuficha na kupendelea.

Muuguzi ambaye picha zake za chumbani zimesambazwa na mpenzi wa zamani ametendewa kosa. Hata hivyo nimeona akiitwa yeye kwenye kamati ya nidhamu, huku mwanamume wa kwenye picha hiyohiyo akiendelea na kazi.

Ukidaiwa ngono ili uhudumiwe, usifute ujumbe wala rekodi za simu. Andika tarehe, mahali na maneno uliyoambiwa, kisha piga TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, namba 113, ni bure.