Pedi za kufua hazina ugomvi na mtu, ugomvi uko kwenye kamba ya uani

Mi ni fundi cherehani, nashona pedi za kufua hapa Ngamiani, Tanga, na nauza mwenyewe pale pale ninaposhonea, kwa hiyo maneno ya wateja nayapata mabichi kabla hayajapambwa. Watu wa miradi wakija huwa wananiuliza mbona wanawake hawazitaki, na ukiwaangalia unaona wanasubiri niseme elimu ndogo. Wapi! Hawa hawa wamelelewa kwenye nepi za kitambaa, mama zao walijistiri kwa vipande vya khanga kuukuu, kufua wanajua kuliko mimi na wewe. Kinachowashinda ni kuanika. Mwanamke anapiga hesabu ya kamba: uani kuna wapangaji wa vyumba sita, kuna baba mwenye nyumba anakaa na kahawa yake hapo hapo, kuna watoto wasiojua kunyamaza watauliza "anti, hii nini?" mbele za watu, sa hiyo pedi anaianika wapi?

Basi anaianika chumbani. Nyuma ya kabati, chini ya godoro, au anaiviringisha ndani ya taulo anaiacha hivo. Na Tanga yetu mnaijua, ikifika masika hata kitenge kinalala siku mbili hakijakauka, sembuse pedi yenye matabaka manne. Inavaliwa ina unyevu. Baada ya hapo muwasho, harufu, na mimi kinachonifikia ni "fundi, pedi zako zinaleta fangasi". Ni unyevu ndo ulioleta, ila ukimwambia hivo kavu kavu anaona unamlaumu, wakati alichofanya ndicho alichofundishwa. Kungwi alimwambia asimwonyeshe mtu, hata baba yake mzazi, afue usiku, afiche. Kashika kama alivyoambiwa. Afu anamsimulia shoga yake, shoga anamsimulia wifi, mwisho wa wiki mtaa mzima unajua pedi za kitambaa ni ugonjwa.

Ngoja niielezee pedi yenyewe, maana lawama nyingine ni zetu mafundi. Juu panapogusa ngozi ni flaneli ya pamba. Katikati kitambaa cha taulo, matabaka mawili hivi, ndo kinachonywa damu. Chini kabisa kuna PUL, yaani poliesta iliyobandikwa utando mwembamba wa poliyuretheni, maji hayapenyi lakini mvuke unapita kidogo, na mabawa yake yanapita chini ya chupi yanafungwa kwa kifungo cha kubana. Sasa PUL ni ya kuagiza na bei yake inauma, kwa hiyo wapo wanaoweka kitambaa cha mwavuli au cha koti la mvua, na kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni 2019 wapo waliokuwa wanakata rambo wanashonea humo humo. Rambo inachemsha ngozi, na mbaya zaidi inalia. Msichana akigeuka kwenye dawati, kwachu. Akiinuka kwenda ubaoni, kwachu kwachu. Jamani, kitu kikishakutangaza darasani mara moja hukirudii, hata mwakani uletewe kizuri namna gani utakikataa, na utawakataza na wadogo zako.

Rangi nayo. Karibu kila mteja mgeni anataka nyeusi, ili doa lisionekane. Namwelewa, ila mi kama fundi napenda ya juu iwe na rangi ya kati, mauamaua mekundu au ya kahawia, sababu kwenye nyeusi hujui kama damu imetoka yote au umeisuuza tu. Wengi wanakubali mauamaua. Nyeusi bado nashona, oda ni oda.

Kuvuja ndo swali la kwanza kuliko yote, na sio bure. Mnakumbuka Februari 2023 kule Kenya seneta Gloria Orwoba alivyotolewa kwenye ukumbi wa Seneti kwa sababu ya doa kwenye suruali yake nyeupe? Kama seneta anatolewa, binti wa kidato cha pili ataponea wapi. Wengi wanaosema pedi ya kitambaa inavuja ukiwahoji taratibu unakuta aliitoa kwenye mfuko akaivaa hapo hapo. Kitambaa kipya kina dawa ya kiwandani, kinarusha maji badala ya kuyanywa, kifue mara mbili tatu kwanza. Na msiweke ile dawa ya kulainisha nguo, inaacha mafuta kwenye nyuzi. Jiki pia hapana. Damu inaloweshwa na maji ya baridi, ukianza na ya moto inaganda kwenye uzi na doa halitoki tena.

Kuna hofu nyingine haisemwi kwa sauti, ya kuchezewa. Damu yako ikichukuliwa unafungwa kizazi. Mi sibishani na imani ya mtu, nauliza tu hiyo ya dukani unaitupa wapi? Hapo ndo utacheka, maana wengi huku kwetu wanaifua kwanza. Anaikamua pedi ya kutupa chooni mpaka inakuwa nyeupe, anaifunga kwenye gazeti, ndo aitupe au aichome, na ni huyo huyo ananiambia yeye kufua pedi hawezi, kinyaa. Dada yangu, tayari unafua! Na ukiiangalia hofu yenyewe vizuri, ya kufua haitoki mikononi mwako, inayozagaa jalalani ni ile nyingine.

Wamama wa Kiislamu wananiuliza sana habari ya twahara, kama doa likibaki inakuwa bado najisi. Mashehe wanafundisha kwamba ukishafua kwa maji damu ikaondoka, rangi iliyogoma haina neno. Mwenye wasiwasi akamuulize shehe wake. Nimeona wengi jibu hilo tu linawatua mzigo kuliko maneno yangu yote ya matabaka.

Shuleni ndo penye kazi. Pedi za kufua zinafika nyingi kama msaada, na namna zinavyogawiwa inaziua: wasichana wanapangwa mstari, picha zinapigwa, wavulana wako dirishani. Kuanzia hapo pedi ile imeshakuwa nembo ya mtu asiye na kitu, na ile ya dukani ndo ya mjanja. Binti anaichukua, anashukuru, anampelekea dada yake. Cha kuchekesha, pedi hizo hizo huko Ulaya ni za wenye hela, wanaojali mazingira, wananunua kwa bei ambayo mimi nikiitaja Ngamiani nitafukuzwa. Lakini wao wana mashine ya kufulia ndani, hakuna mwenye nyumba anayekunywa kahawa mbele ya kamba yao.

Tuje kwenye hela. Mwaka 2018 serikali yetu iliondoa VAT kwenye taulo za kike, 2019 ikairudisha, waziri wa fedha akasema bei haikushuka kwa mlaji. Kwa mnunuzi wa pakiti moja moja hakuna kilichobadilika. Pakiti tuseme 2,500, anayetumia mbili kwa mwezi ni 60,000 kwa mwaka, na seti ya kufua ukiitunza inavuka huo mwaka. Ila tusidanganyane, hesabu hiyo inasahau maji na sabuni. Kwenye nyumba ambayo maji yananunuliwa kwa ndoo, kufua kila siku kwa siku tano sio bure, na wanaohubiri pedi za kufua wangeanza kuulizia bomba kabla ya kuleta maboksi. Mi wateja wangu nawaambia wachanganye. Nyumbani na usiku vaa ya kitambaa, shule na safari vaa ya dukani, hakuna aliyekulisha kiapo. Wengi wanaodumu na pedi zangu wanaishi hivo hivo.

Kikombe cha hedhi mi sishoni bila shaka, ila naulizwa kila mara. Ni cha silikoni, kinadumu mpaka miaka 10, na hakina cha kuanika, ndo maana nilidhani Waswahili tutakikimbilia. Wapi, hapo linakuja suala la bikira, na mama mzazi ndo anayekataa kuliko binti. Ukweli ni kwamba kwa binti kinaweza kutanua kile kiwambo cha ukeni, na bikira kwa maana ya kutoingiliana na mwanamume hakimwondolei, sasa kila familia inajua inachokilinda. Kule Siaya, magharibi ya Kenya, watafiti waliwapa wasichana wa shule vikombe, na walianza kwa woga vile vile, wakazoea kidogo kidogo kwa kuambizana wenyewe. Na mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilitoa uchambuzi wa tafiti 43, zenye wanawake na wasichana zaidi ya 3,300, ikaonekana kikombe hakivuji kuzidi pedi. Mwenye kitanzi aulize kliniki kwanza, maana ukikivuta bila kukibinya kitako kiachie hewa kinaweza kung'oa kitanzi.

Kilichobadilisha biashara yangu ni dizaini, na hii nawapa bure. Siku hizi nashona pedi ya vipande. Kuna ganda, hilo ndo lenye PUL na mabawa na kifungo, na juu yake kuna mikanda miwili, mmoja kila mwisho. Halafu kuna vipande vya flaneli vya mraba, vimepindwa pembeni tu, havina umbo lolote. Unakikunja mara tatu, unakichomeka chini ya mikanda, umemaliza. Ukifua unakikunjua, na kwenye kamba ni leso au nepi ya mtoto, baba mwenye nyumba anywe kahawa yake kwa amani. Kwa kuwa ni tabaka moja kinakauka asubuhi hiyo hiyo jua likiwepo, na Lushoto kwenye ule ukungu wa Julai wateja wangu wananiambia kinawahi kuliko zile nene.

Anayeanza namshauri ganda mbili na vipande nane. Jua likikosekana kabisa piga pasi vipande vya flaneli mpaka viwe vikavu kweli, sio vuguvugu, lakini ganda usilipitishie pasi, utando wa PUL utaachia na hapo itavuja tu. Ganda lifute maji, liache dirishani, lenyewe halichelewi kukauka.