Ugonjwa wa viungo na UVIKO-19: tunayoambiana Kigoma na yaliyo kweli

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha. Virusi vyenyewe havikuondoka, wala maneno yaliyoenea wakati ule hayajaondoka. Kuanzia Ujiji hadi Kasulu, mwenye baridi yabisi au lupasi bado anaamua ameze nini na aache nini kwa kufuata maneno hayo. Naanza na lile ninaloliogopa zaidi.

“Dawa za viungo zinaua kinga. Korona ikiingia, ziache.”

Woga huu una chembe ya ukweli, ndiyo maana hauishi. Katika baridi yabisi na lupasi, kinga ya mwili humgeukia mwenyewe: hushambulia vifundo vya vidole na magoti, na kwa lupasi hata figo na mapafu. Methotrekseti na dawa za aina yake huipunguza makali kinga hiyo. Lakini mgonjwa akiziacha, baada ya wiki kadhaa ugonjwa huamka, na hapo ndipo hatari inapokua. Tangu Machi 2020 madaktari wa viungo wa nchi nyingi walikusanya taarifa za wagonjwa wao waliopata UVIKO-19. Waliokuwa na ugonjwa uliochachamaa walikufa zaidi kuliko wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Tena ugonjwa ukiamka, aghalabu hutulizwa kwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ya kiwango kikubwa, na taarifa hizo zilionyesha kwamba waliokuwa wakimeza miligramu 10 au zaidi kwa siku walilazwa hospitali zaidi kuliko wengine. Aliyekimbia methotrekseti kwa hofu anaweza kuangukia mikononi mwa dawa yenye hatari zaidi.

Prednisoloni nayo haikatwi ghafla. Ukiimeza kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni ya asili inayofanana nayo. Ukiikata siku moja, hasa ukiwa na homa, shinikizo la damu laweza kuporomoka ukapoteza maisha. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa mpango wa daktari. Mtu akithibitika kuwa na UVIKO-19, daktari anaweza kuisimamisha methotrekseti kwa muda mpaka apone, prednisoloni huendelea.

Wapo pia wanaomeza steroidi bila kujua. Mama anaumwa viungo, anapewa dukani vidonge vidogo bila cheti, kumbe ni deksamethasoni, steroidi nyingine. Katika nchi mbalimbali hata dawa za mitishamba za viungo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi. Kwa hiyo ukienda Hospitali ya Maweni au kituo cha afya cha jirani, beba kila unachomeza, pamoja na ule unga wa sokoni, na usione haya. Steroidi huweza kuficha homa: mtu wa namna hii akianza kukohoa na kubanwa pumzi, msisubiri joto lipande ndipo mmpeleke.

“Deksamethasoni ndiyo iliyotibu korona, basi mimi ninayeimeza nimeshajikinga.”

Hapana. Jaribio kubwa lililofanyika Uingereza lilitoa matokeo Juni 2020: miligramu 6 kwa siku ziliokoa maisha ya wagonjwa waliokuwa kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Jaribio hilohilo lilionyesha kwamba haidroksiklorokwini, dawa ambayo wenye lupasi huitegemea, haiwasaidii waliolazwa kwa UVIKO-19. Marekani ilikuwa imeiruhusu kwa dharura mwezi Machi, ikaifuta ruhusa hiyo tarehe 15 Juni 2020. Katikati ya pilikapilika hizo, wenye lupasi katika nchi nyingi waliikosa dawa yao kwa sababu wazima waliinunua wakaiweka ndani. Hilo linaniuma mpaka leo. Hapa kwetu wazee wanaikumbuka klorokwini ya malaria, iliyoachwa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, kwa hiyo kuiamini ilikuwa rahisi. Mwenye lupasi aendelee kuimeza kwa ajili ya lupasi, lakini asiihesabu kuwa kinga ya korona.

“Kila anayeumwa magoti yuko hatarini.”

Magoti yaliyosagika kwa umri si ugonjwa wa kinga, kwa hiyo hayaingii katika kundi hili. Mwenye jongo (gauti) ni wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi ana shinikizo la damu, kisukari au figo dhaifu.

“Viungo vikiuma baada ya korona, ni baridi yabisi.”

Virusi vingi huumiza viungo, na kwa wengi maumivu hupita. Vifundo vikivimba zaidi ya wiki sita, na asubuhi vikakakamaa kwa saa nzima, nenda ukapimwe. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi, maana maambukizi mengine huweza kukifanya kisome chanya.

“Chanjo itaamsha ugonjwa.”

Chanjo za UVIKO-19, ikiwemo ile ya Johnson & Johnson ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Julai 2021, hazina virusi hai vya korona. Baadhi ya wagonjwa hupata maumivu ya siku chache. Kuamka kwa ugonjwa kwa ukali ni nadra. Kinachohitaji mpango ni muda: anayetumia ritaksimabu, dawa nyingine ya kupunguza kinga, hujenga kinga hafifu, na kwa methotrekseti daktari anaweza kushauri kuipumzisha wiki moja au mbili baada ya sindano, ugonjwa ukiwa umetulia.

Chanjo ya kuulizia kwa makini hapa Kigoma ni nyingine kabisa: ya homa ya manjano, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Kalemie au Uvira nchini Kongo wanahitaji kadi yake. Anayetumia methotrekseti au prednisoloni nyingi amwambie mchanjaji kabla hajachomwa. Asipoweza kuchanjwa, kanuni za kimataifa zinamruhusu daktari kuandika hati ya msamaha kwa sababu za kiafya.