Je, kila pakiti ya chakula kutoka nje hupimwa mpakani?

Wengi wanaamini kwamba chakula kilichoagizwa kutoka nje, kikishavuka forodha, kimepimwa pakiti kwa pakiti. Imani hiyo inaeleweka: kuna wakaguzi, kuna mihuri, kuna vyeti.

Lakini kipimo cha maabara mara nyingi huharibu kile kinachopimwa. Pakiti iliyofunguliwa na kusagwa ili kutafuta sumukuvu (sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye chakula) haiuziki tena. Kwa hiyo wakaguzi hupitia nyaraka, kisha huchukua sampuli, zaidi kwenye vyakula vyenye hatari kubwa au vya wazalishaji waliowahi kukutwa na kasoro. Hata sampuli ikiwa safi, haithibitishi kila punje, kwa sababu sumukuvu huweza kujikusanya sehemu chache tu za shehena. Ndiyo maana, na kwangu hili ndilo kubwa, ulinzi wenyewe huanzia shambani na kiwandani: kudhibiti joto, unyevu na usafi katika kila hatua.

Viwango vya kimataifa vya usalama wa chakula navyo si sheria hadi nchi iviingize katika sheria zake. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu usalama wa chakula, ulioanza kutumika 1995, unaruhusu nchi kuweka masharti makali kuliko viwango hivyo, mradi yawe na msingi wa kisayansi.

Ukitaka kujihakikishia, soma lebo: jina la mwagizaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya bechi, yaani ya kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja. Namba hiyo ilinganishe na matangazo ya bidhaa zilizoondolewa sokoni, ambayo mamlaka za chakula huyatoa kwa umma. Bechi moja ikiwa na kasoro, nyingine za chapa hiyohiyo huenda zikawa salama.